Kiti cha magurudumu juu ya makoro ya lava: mwongozo kwa mwenye maumivu ya kudumu mjini Goma, Kongo

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado anaweza kusimama, bado anaweza kuvuka chumba na pengine kufika dukani kwa miguu, lakini kila hatua anailipa baadaye kitandani. Mtu wa namna hiyo huambiwa mara nyingi kwamba kiti cha magurudumu si chake, kwamba kiti ni cha aliyepooza au aliyekatwa miguu, na kwamba akikikalia atakuwa amejilaani mwenyewe. Nami niliyasadiki maneno hayo kwa miaka minne. Kichwa cha mfupa wa paja langu la kushoto kilikufa kwa kukosa damu, jambo linalowapata wengi wenye ugonjwa wa selimundu, ambao hapa Goma tunauita SS tu, na kwa miaka hiyo minne nilikuwa nikitembea siku moja na kulala siku mbili. Leo nina mkongojo mmoja, jozi moja ya magongo na kiti kimoja cha magurudumu, na hakuna juma linalopita bila kuvitumia vyote vitatu.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo, kwa sababu yote yanayofuata yanalitegemea: kifaa hutumika kabla maumivu hayajapanda. Anayengoja hadi ashindwe ndipo akae, hukaa akiwa amekwisha kuumia, na hakuna kiti kitakachomrudishia nguvu alizozimaliza njiani.

Hatua ya kwanza: fahamu maumivu yako kabla ya kutafuta kifaa

Maumivu huhesabiwa kuwa ya kudumu yanapozidi miezi mitatu, au yanapokuwa yakienda na kurudi kwa muda huo. Chanzo chaweza kuwa nyonga, uti wa mgongo, baridi yabisi, jeraha la ajali ya pikipiki au mishipa ya fahamu iliyoharibika, na wakati mwingine jeraha limepona zamani lakini mishipa bado inapeleka habari ya maumivu kana kwamba ajali ilitokea jana. Kila hali ina kifaa chake. Mwenye goti moja bovu huenda akatosheka na mkongojo. Mwenye vidole vilivyovimba kwa baridi yabisi hawezi kusukuma magurudumu wala kushika gongo la kawaida kwa muda mrefu. Mwenye mgongo, naye, huenda akaumia zaidi akikaa kuliko akisimama, na kiti chenye egemeo lililolegea kama machela kitamzidishia ugonjwa badala ya kumpunguzia.

Kwa hiyo anza kwa daktari, kisha mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule ambaye hospitalini tunamwita kine. Hapa Goma kuna kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja, na Bukavu kuna Heri Kwetu. Vyote viwili vinajulikana kwa kazi ya kuwarudishia watu uwezo wa kutembea, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imewahi kuvisaidia. Nenda na mtu wa nyumbani anayejua usiku wako ulivyo, kwa maana mgonjwa akifika mbele ya mwenye koti jeupe husema "najisikia vizuri kidogo" hata kama hakulala.

Kuna dalili ambazo hazingoji mwongozo wowote. Miguu ikilegea ghafla, sehemu ya siri na mapaja ya ndani yakifa ganzi, mkojo au choo kikikataa kutoka au kikitoka chenyewe, au maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo kwetu, na kiti cha magurudumu hakitibu kifua kikuu.

Hatua ya pili: pima siku yako kwa daftari

Hatua hii watu huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu haihitaji pesa wala fundi. Chukua daftari la shule na kwa siku saba uandike mambo manne: saa, ulichokuwa ukifanya, dakika ulizokaa umesimama au ukitembea kabla maumivu hayajaanza kupanda, na hali yako kesho yake asubuhi kwa namba kutoka 0 hadi 10. Ile namba ya asubuhi usiiache hata kidogo. Maumivu ya namna hii yana tabia ya kumchelewesha mwenye nayo: mchana yanakuruhusu, usiku yanakudai.

Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza, dakika zangu za kusimama kwa siku saba zilikuwa 12, 20, 9, 15, 14, 18 na 10. Jumla ni 98, na ukigawa kwa saba unapata 14. Kutoka hapo nilitoa sehemu moja ya tano, nikabaki na dakika 11, na hizo ndizo nilizojiruhusu kwa mkupuo mmoja, siku nzuri na siku mbaya bila kubagua. Siku nzuri ndiyo hatari. Siku nzuri mtu hufua nguo zote za nyumbani, akapika maharage, akaenda kumsalimia shangazi Ndosho, na siku tatu zinazofuata watoto wanakula mkate kwa sababu mama hawezi kusimama jikoni. Baada ya dakika zako kwisha, keti, hata kama unajisikia kuwa na nguvu, na baada ya juma mbili au tatu za utulivu uongeze dakika moja.

Hapo ndipo kifaa kinapopata kazi yake. Kutoka kwangu Katindo hadi Soko la Virunga kuna njia ambayo ingekula dakika zangu zote kabla sijaona kitunguu. Nikienda kwa kiti, nafika nikiwa na dakika 11 mkononi, nasimama mbele ya meza ya muuzaji, nachagua nyanya kwa mikono yangu, nabishana bei kama watu wengine, kisha nakaa tena. Kiti hakikuninyang'anya kutembea. Kimenichagulia mahali pa kutembea.

Upande wa pili wa jambo hili usifichwe. Anayekaa mchana kutwa bila kusimama hudhoofika misuli, nyonga na magoti yake hukakamaa katika mkunjo, na maumivu huongezeka kwa njia nyingine. Kwa hiyo zile dakika za kusimama zitumike kila siku, pamoja na mazoezi ambayo kine amekuonyesha, labda kama uko katikati ya shambulio kali na daktari amekuagiza kupumzika.

Hatua ya tatu: chagua kifaa kwa kuangalia ardhi

Vitabu vingi vya mafunzo huanza na mwili wa mtumiaji. Kwa Goma ningeshauri uangalie na mawe kwa wakati huo huo. Mlipuko wa volkano yetu, Nyiragongo, wa Januari 17, 2002 ulipitisha lava katikati ya mji hadi ziwani, na juu ya lava hiyo iliyopoa tumejenga upya nyumba, maduka na njia. Barabara kuu zina lami, lakini ukiingia mtaani tu unakutana na makoro: mawe meusi yenye ncha, yenye matundu kama mkate, yaliyokaa bila mpangilio. Mtikisiko wa mawe hayo hupanda kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye uti wa mgongo, na kwa mwenye maumivu mtikisiko huo ni ugonjwa wa pili.

Kile kiti cha kukunja kinachoonekana hospitalini, chenye magurudumu madogo na membamba ya mbele, kilitengenezwa kwa sakafu ya vigae. Najua ninalosema. Katika juma langu la kwanza na kiti cha aina hiyo, mpwa wangu alikuwa akinisukuma Birere, tukaacha lami kukwepa lori, na gurudumu la mbele, ambalo upana wake haukuzidi vidole viwili, likaingia kwenye ufa wa jiwe. Kiti kilisimama, mimi nikaendelea. Nilitua kwa magoti na viganja mbele ya mama aliyekuwa ameanika sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye sinia, na sinia likapinduka. Aliniambia "Pole, mama," akanisaidia kukaa, halafu akaanza kuziokota sambaza zake moja moja, akizipuliza vumbi jeusi. Nilimlipa za mafungu mawili. Kesho yake mchomeleaji wa mtaani alinifungia magurudumu ya mbele mapana ya mpira, yenye kipenyo cha sentimita 20, na tangu siku hiyo sijaanguka kwa namna ile.

Ukiweza kuchagua, tafuta kiti chenye gurudumu au magurudumu ya mbele yaliyosogezwa mbali na makalio. Kuna viti vya magurudumu matatu vilivyotengenezwa kwa ajili ya ardhi mbovu, gurudumu la tatu likiwa mbele kabisa ya miguu. Haviangushi mtu mbele kwa urahisi, ijapokuwa ndani ya chumba kidogo vinasumbua kugeuza. Mhandisi Mmarekani Ralf Hotchkiss, ambaye mwenyewe alipooza baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1966, alijitolea kubuni viti ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvitengeneza na kuvikarabati kwa vipuri vinavyopatikana mahali hapo. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hata ninapopewa kiti cha bure: je, kwado, yule fundi wa kuziba mipira, wa kona yangu anaweza kuziba mpira wake, na je, mipira ya saizi hiyo inauzwa pale wanapouza mipira ya baiskeli? Kama jibu ni hapana, kiti hicho kitakuwa kizuri kwa miezi sita. Mipira ya kujazwa upepo ichaguliwe kuliko ile migumu isiyotoboka, maana upepo ndio unaomeza mtikisiko.

Halafu kuna baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu, ambayo kila aliyepita mpaka wa Petite Barrière ameiona ikivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, ikiwa imepakiwa mizigo kupita kimo cha mwenyewe. Kwa safari ndefu za barabarani haina mfano. Lakini haiingii ndani ya nyumba, na pedali zake huendeshwa kwa mabega mchana kutwa. Mwenye maumivu ya shingo au mabega afikirie mara mbili, au awe na msukumaji wa kudumu.

Hatua ya nne: mkongojo na magongo kwa vipimo sahihi

Mkongojo hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma. Watu hushangaa kusikia hivyo, na jirani zangu wengi hushika upande ule ule wa ugonjwa, wakawa wanajitupa upande kila hatua. Mguu wa kushoto ukiuma, mkongojo uwe mkono wa kulia, na viwili hivyo viende mbele pamoja. Kuhusu urefu, vaa viatu unavyovaa kila siku, simama wima, acha mkono uning'inie, na mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiushika, kiwiko kitakunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kichwa cha gongo na kwapa. Uzito hubebwa na viganja. Anayening'inia kwa makwapa huibana mishipa ya fahamu inayopita hapo, na baada ya juma chache vidole hufa ganzi na kifundo cha mkono kikakosa nguvu. Magongo ya kushikilia mkono chini ya kiwiko ni bora kwa anayeyatumia miaka mingi. Vishikio vikikuumiza vidole, vizungushie kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kisha kitambaa laini, hadi viwe vinene; kishikio kinene hakihitaji kukazwa sana.

Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, na mguu mgonjwa hushuka kwanza pamoja na gongo. Ile kofia ya mpira chini ya gongo ikaguliwe kila juma, kwa sababu makoro huila haraka. Ukiona mistari yake imefutika, badilisha kabla mvua haijanyesha.

Hatua ya tano: kiti kipimwe kwa mwili wako

Kiti kikubwa kuliko mwili si ukarimu. Keti kwenye benchi gumu, mgongo wima, na mtu akupime kwa futi ya fundi cherehani. Upana wa nyonga ndio upana wa kiti. Kikizidi sana utaegemea upande mmoja na kufikia magurudumu kwa shida. Kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, punguza kati ya sentimita 3 na 6, na hicho ndicho kina cha kiti. Kisipopunguzwa, ukingo utabana nyuma ya goti, nawe utateleza mbele na kukaa kwa mkia, jambo ambalo mgongo hautalisamehe. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino ndio urefu wa kikanyagio cha miguu. Ukikaa sawasawa, mapaja hulala yote juu ya mto na nyayo hutulia. Kama unapenda kujisogeza kwa miguu yako, jambo linalowafaa wengi wenye maumivu ya mabega, basi kiti kishushwe hadi nyayo zote zifike chini.

Gurudumu kubwa likaguliwe pia: ukiacha mabega yalegee na mikono ining'inie, vidole vikaribie ekseli. Gurudumu lililo nyuma mno huchosha mabega. Lililo mbele mno hukuangusha kisogo.

Mto ni nusu ya kiti. Kitambaa kitupu kilicholegea huikunja nyonga kwa ndani na kuibana. Tafuta sponji nzito, si ile ya godoro la bei rahisi inayolala siku ya pili, na chini yake uweke ubao mwembamba kama kitambaa cha kiti kimelegea. Mtu aingize vidole chini ya mifupa ya makalio ukiwa umekaa. Vikibanwa hadi visicheze hata kidogo, sponji hiyo haifai. Na hata juu ya mto mzuri, kila baada ya nusu saa hivi inama mbele hadi kifua kikaribie magoti, ukae hivyo kama dakika mbili, au egemea kushoto kisha kulia, ili damu ipite.

Hatua ya sita: kusukuma na kusukumwa

Ukijisukuma mwenyewe, shika kuanzia nyuma kidogo ya nyonga, sukuma kwa mwendo mrefu wa taratibu, achia, kisha acha mkono ushuke chini kabla ya kurudi nyuma. Misukumo mifupi ya haraka haraka huonekana hodari lakini ndiyo inayoharibu bega, na mwenye maumivu hana bega la akiba.

Huku kwetu, hata hivyo, wengi wetu tunasukumwa na mtoto wa nyumbani, na mtoto hufundishwa. Mimi nina sheria tatu. Ya kwanza, asiguse kiti bila kusema. Ya pili, kwenye makoro akanyage wenzo wa nyuma, anilaze kidogo kisogo, na tutembee kwa magurudumu makubwa mawili tu, au anivute kinyumenyume, kwa sababu gurudumu kubwa hupanda jiwe ambalo dogo hukwama. Ya tatu, mteremko mkali tushuke mgongo ukitangulia, yeye akiwa chini yangu na akitazama nyuma yake. Kabla ya kuinua kiti popote, ajue sehemu gani zimechomelewa na zipi zinachomoka. Mkono wa kiti unaochomoka umewahi kubaki mikononi mwa watu wema, nami nikabaki chini.

Hatua ya saba: mlango, choo na barabara

Kizingiti cha nyumba kitengenezewe mteremko wa urefu wa mara 12 ya kimo chake: kizingiti cha sentimita 20 kinataka mteremko wa mita 2 na sentimita 40. Wengi hujenga wa mita moja, kisha hushangaa kwa nini mgonjwa haupandi peke yake. Choo cha kuchuchumaa ni adhabu kwa nyonga na magoti. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye miguu minne imara, fundi seremala hukimaliza kwa nusu siku, na bomba la chuma lililofungwa ukutani hukusaidia kuinuka.

Kwa pikipiki, patana bei ukitaja kiti mapema, kwa maana motari, yaani dereva wa pikipiki, akikiona ghafla bei hupanda. Usipande ukiwa chini: tafuta ngazi au jiwe pana lililotulia, motari aweke miguu yote miwili chini na azime injini, ndipo upitishe mguu bila kuuinua sana. Kiti kilichokunjwa kiende kwa pikipiki ya pili pamoja na mtu wa kukishika. Kama unayo pesa ya teksi, kaa kiti cha mbele, tanguliza makalio, kisha geuza miguu yote miwili pamoja. Mfuko wa plastiki ukiukalia husaidia kuzunguka bila kuisokota nyonga. Mfuko huo usisafiri nao hadi Gisenyi, kwa sababu Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008 nao hawana mzaha.

Hatua ya nane: jibu liwe tayari

Anayekaa leo na kutembea kesho huonekana mwongo. Watoto wa mtaani husema wazi kile ambacho wakubwa wananong'ona: "Mama, si jana ulikuwa unatembea?" Mimi hujibu, "Jana nilitembea, ndiyo maana leo nimekaa," na mazungumzo huishia hapo. Jibu fupi linatosha. Hulazimiki kumweleza kila mtu habari za mfupa wako.

Kwenye maombi jambo ni zito zaidi. Mhubiri mmoja aliwahi kunishika mikono yote miwili na kuniinua kwa nguvu mbele ya mkutano. Nilisimama, kwa sababu ninaweza kusimama, watu wakapiga vigelegele, nami nililala siku tatu. Sasa, kabla ibada haijaanza, mwenzangu huenda kwa mzee wa kanisa na kumwomba kwa heshima kwamba anayetaka kuniombea aniwekee mkono begani na asinivute. Sijawahi kukataliwa.

Ofisini na shuleni utahitaji maneno ya aina nyingine. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Sheria nambari 22/003 ya Mei 3, 2022 inalinda haki za mtu anayeishi na ulemavu. Iweke nakala yake kwenye simu, pamoja na picha ya cheti cha daktari, na uitaje kwa upole unapoambiwa upande ghorofa ya pili kutia sahihi.

Hatua ya tisa: matunzo ya kila juma

Vumbi la lava ni kama msasa. Jumamosi jioni, kiti kifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, kikaushwe, kisha tone la mafuta liingie kwenye ekseli na kwenye viungo vya magurudumu ya mbele. Kaza nati zote, gusa spoku moja moja usikie iliyolegea, na ujaribu breki ukiwa kwenye mteremko huku mtu ameshika nyuma. Bonyeza tairi kwa dole gumba: likizama zaidi ya milimita 5, upepo hautoshi, na tairi lenye upepo mdogo hula mabega na breki kwa pamoja. Mto uanikwe.

Hatua ya kumi: siku ya kuhama

Mei 22, 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, na Mei 27 mitaa 10 ya mji iliamriwa kuhama. Barabara ya Sake ilijaa watu, mbuzi na magodoro. Sikuwa na kiti wakati huo. Nilitolewa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, nimekaa juu ya gunia la nguo, shemeji akisukuma, na kila jiwe la njiani nililisikia kwenye nyonga. Tangu siku hiyo mpango wangu umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Una jina la anayenisukuma, na jina la wa pili kama wa kwanza hayupo. Unataja njia ya lami tutakayoipita hata kama ni ndefu, na nyumba ya jamaa ambako tutasimama kulala, kwa sababu sitajaribu kufika mbali kwa siku moja. Mkoba unaoning'inia nyuma ya egemeo una dawa za siku saba, chupa ya maji, blanketi, nakala ya cheti na kadi ya hospitali. Mwenye SS asikose maji na blanketi, kwa maana kiu na baridi huamsha shambulio. Magongo yamefungwa ubavuni kwa ukanda wa mpira, na chini ya kiti, ndani ya soksi kuukuu, kuna pampu ndogo, viraka, gundi na spana namba 13, ambayo ndiyo inayofungua nati zote za kiti changu.